Sikio Chini ya Kofia

Jumapili, 11 Januari

Mimi ni mwoga, na kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kuchora watu wanaopigana. Naogopa lifti ikisita kati ya ghorofa, naogopa mbwa, naogopa simu isiyoonyesha jina. Minaz amenishauri niandike hofu zangu pembeni, zisije zikaingia kwenye kurasa. Minaz ndiye mwenzangu: mimi nachora, yeye anakaa kwao Unionville, kaskazini mwa Toronto, anaweka maneno ya Kiingereza na kupandisha sura mpya mtandaoni kila Ijumaa. Naandika kwa Kiswahili ili asisome. Cha kwake alikipata kwa bibi yake wa Dar es Salaam, kwa masikio tu. Akikiona kimeandikwa anakodoa macho.

Hadithi yetu ni manga ya ngumi na mateke, katuni za mtindo wa Kijapani. Kuna shule ya mapigano katika mji wa theluji, na kuna askari aliyetumwa kuifunga. Askari huyo anaitwa Soda. Kwetu Kongo soda ni askari, basi. Wasomaji hawajui hilo. Wanadhani tumempa jina la kinywaji, na wengine wanamchora ameshika chupa. Wanampenda kuliko hata wanafunzi wa shule, ambao niliwahangaikia miezi. Ana nusu tu ya sikio la kulia, na kabla hajapiga anasema neno moja: "Mulale." Sijui nilimtoa wapi. Alikuja mwenyewe kwenye karatasi.

Basi dogo la kanisa limepata dereva mpya, Papa Télesphore, aliyehamia kutoka Ottawa. Amemshika Mama mkono kwenye barafu kutoka mlangoni kwetu mpaka garini. Kofia yake ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mama amesema ana adabu.

Jumatano, 14 Januari

Digrii ishirini chini ya sifuri. Nimechora mikono siku nzima, na mikono ni migumu.

Mama amerudi kutoka nyumba ya wazee anakofanya kazi, amekula amesimama, ameniaga "bonne nuit." Kifaransa chake chote kinatumika hapo. Wamama wengine wa Kikongo humu jengoni wanaagana "mulale muzuri," ila yeye hapana, tangu kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza sababu, akasema neno hilo linamkaba. Nadhani ndiyo maana nilimpa Soda. Nilitaka neno ambalo mama yangu halitaki mdomoni.

Jumamosi, 17 Januari

Katikati ya maoni ya Kiingereza kuna moja la Kiswahili, la mtu anayejiita Kimya. Ameandika: "Sikio si la kulia. Ni la kushoto."

Nimecheka kwanza. Kisha nimefunga kompyuta, nikaenda kuhakikisha mlango umefungwa. Ulikuwa umefungwa.

Jumapili, 18 Januari

Kanisani Papa Télesphore anasimamia vyombo vya sauti. Akiingia ndani anavua kofia huku anavaa hedifoni, zile kubwa, kitendo kimoja. Mama alinikanyaga kwa sababu nilikuwa nageuka nyuma badala ya kusikiliza mahubiri.

Jumapili, 25 Januari

Nimefunga mlango kwanza, ndipo naandika.

Tukiwa garini, vijana wa kwaya walikuwa wanachezacheza viti vya nyuma. Mmoja akamnyooshea mwenzake ngumi na kusema kwa sauti nzito, "Mulale." Wote wakacheka, maana wanaisoma manga yetu. Gari likayumba. Papa Télesphore alikanyaga breki katikati ya barabara ya Don Mills, magari ya nyuma yakapiga honi. Hakugeuka. Aliuliza kwa upole, "Ile neno mulilitosha wapi?"

Kijana akanionyesha mimi. Papa Télesphore akanitazama kwenye kioo muda mrefu, halafu akaendesha.

Saa tisa mchana Kimya akaandika: "Neno hilo ulilitoa wapi?"

Nimejiambia ni bahati mbaya tu. Watu wengi wanaweza kuuliza swali moja siku moja. Nimejiambia hivyo nikiwa nimekaa chini, mgongo wangu umeegemea mlango.

Ijumaa, 30 Januari

Nimefikiri juu ya sikio. Mimi namkumbuka Soda kama mtu aliyesimama mbele yangu, akiniangalia. Mtu akikukabili, sikio lake la kushoto linakuwa upande wako wa kulia. Basi nilikosea kama angekosea yeyote aliyemtazama usoni. Nani asingekosea? Mwenye sikio.

Lakini nimeandika "namkumbuka." Sijawahi kuandika hivyo. Siku zote nasema nilimbuni.

Jumapili, 1 Februari

Nimekaa nyuma yake makusudi. Kofia nyeusi, mstari wa kijivu, uzi mmoja umefumuka juu ya sikio la kushoto. Safari nzima nimetazama uzi ule. Alipotufikisha, Mama akatoa bakuli la sombe, kisamvu cha kwetu, aliloliamkia alfajiri.

"Njo ya wewe, Papa Télesphore. Mutu wa peke yake anakula nini hapa Toronto?"

"Mikate, Mama Dative."

"Mikate si chakula."

Akacheka. Mama yangu akacheka, mkono mdomoni, na nikaona amevaa kitenge cha bluu alichokiweka kwa ajili ya harusi za watu. Miaka kumi na minane tangu Baba afe sijamwona akivaa kwa ajili ya mtu. Hofu yangu leo imebadilika. Kumbe naogopa kwamba niko sahihi.

Jumatano, 4 Februari

Theluji. Sikutoka.

Jumapili, 8 Februari

Kofia.

Jumamosi, 14 Februari

Jana tulipandisha sura niliyoichora kwa siku tatu bila kulala vizuri. Soda anaingia kwenye darasa lenye madawati yaliyopinduliwa. Watu wamejificha humo. Mtoto wa kike yuko sakafuni, mkono wa mama yake umemkandamiza shingo. Sikupanga kuchora hivyo. Minaz alinipigia, akasema ni kurasa bora nilizowahi kuchora na je, niko salama.

Asubuhi hii Kimya ameandika: "Mtoto alikuwa na gauni la njano."

Manga yetu ni nyeusi na nyeupe. Hakuna gauni la rangi yoyote.

Nilimkuta Mama jikoni anakata vitunguu. Nikajifanya nauliza tu.

"Mama, siku ile Baba alikufa, nilikuwa nimevaa nini?"

Kisu kikasimama. Mama hazungumzi habari hizo. Ninachojua ni kwamba Baba, Moïse, aliuawa na askari tulipokuwa tunakimbia, nikiwa na miaka mitano, basi.

"Juu ya nini unauliza?"

"Nachora kitu."

"Njano," akasema. "Gauni ilikuwa ya njano. Baba yako njo aliinunua." Akarudi kwenye vitunguu, na hakuuliza nachora nini.

Nimejifungia bafuni. Kisha nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea nikapanga hoja zangu kama mwanasheria. Kimya alikuwepo. Kimya anasema la kushoto. Papa Télesphore alikanyaga breki. Papa Télesphore haonyeshi masikio yake kwa mtu. Na mama yangu anampikia sombe.

Nikimwambia na nimekosea, nitakuwa nimemnyang'anya mtu wa pekee anayemchekesha. Nikimwambia na sijakosea, sijui itakuwaje. Nikinyamaza, kila Jumapili namwacha ashikwe mkono kwenye barafu na mkono uleule. Nimeamua kunyamaza mpaka nilione sikio. Huo ndio ushujaa wangu wote.

Jumapili, 22 Februari

Kofia. Digrii kumi na tano chini. Hakuna anayevua kitu katika mji huu.

Jumamosi, 28 Februari

Lazima niandike yote ya leo nikiwa bado nayakumbuka vizuri.

Minaz alitaka tusherehekee wasomaji wetu kuongezeka. Alisema ataleta keki, na kwa heshima ya askari wetu, kreti mbili za soda za kila rangi. Hakuniambia saa ngapi. Nilikuwa bafuni. Simu ya mlangoni ikalia, Mama akapokea, na Minaz, ambaye hujitahidi kuzungumza Kiswahili na wazazi wa watu, akasema kwa furaha kwenye spika: "Hodi mama, soda zimefika. Ziko hapa chini, zinapanda na lifti."

Nilisikia kishindo cha simu kuachiliwa. Kisha Mama akaingia bafuni, akazima taa, akanivuta kwa nywele mpaka ndani ya beseni la kuogea na kunilalia juu. Mkono wake ulinikandamiza shingo. Nina miaka ishirini na mitatu, nilikuwa na sabuni usoni, na mwili wangu uliujua mkono ule papo hapo. Sikuuliza kitu. Nilinyamaza kama nilivyofundishwa.

Minaz aligonga. Aligonga tena. "Amandine? Soda zitapata moto."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikasema polepole, "Mama, ni za kunywa. Ni Minaz. Ni Fanta."

Ilimchukua muda kuniachia. Minaz alipoingia na kumwona Mama ameketi sakafuni, akaweka kreti chini na kuanza kulia bila kujua kosa lake. Mama akamfuta machozi kwa kanga yake. Akamwambia, "Haiko kosa yako, mutoto. Kwenu soda iko na chupa. Kwetu iko na bunduki."

Minaz aliondoka bila kugusa keki. Mama akafungua Fanta moja, akanywa nusu, akazungumza kwa mara ya kwanza.

Tulikuwa tumejificha watu tisa kwenye darasa la shule ya misheni. Askari mmoja aliingia peke yake, wenzake wakabaki nje. Alikuwa kijana. Alitutazama, akasema, "Mulale."

"Mimi nililala," Mama akasema. "Nilikulalisha na wewe. Baba yako akasimama. Bunduki ikalia, ikalia. Vumbi ya ukuta ikatuangukia. Kisha akatoka, nikasikia anaambia wenzake, imeisha. Tulipoamuka, sisi wote tulikuwa wazima. Isipokuwa yeye."

Aligeuzageuza chupa. "Kila siku najiuliza. Ule soda alitukosa, ao alituacha? Kama alitukosa, ni Mungu, na yeye ni muuaji. Kama alituacha, juu ya nini alimuua Moïse? Nikipata jibu hiyo moja, nitapumuzika."

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Kisha nikaona jinsi alivyoishika ile Fanta kwa mikono yote miwili, nikaufunga.

Jumapili, 1 Machi

Nimedai mafua. Mama amekwenda kanisani peke yake na kitenge chake cha bluu. Nimesimama dirishani mpaka gari liliporudi.

Ijumaa, 13 Machi

Katika hadithi tumefika mahali Soda anatakiwa kufa. Wasomaji wanaomboleza kabla ya msiba. Nimechora penseli tu, sijatia wino.

Nimemwandikia Kimya hadharani: "Wewe ni nani?"

Jumamosi, 14 Machi

Amejibu neno moja: "Unajua."

Nimemtazama Mama akipiga pasi, nikaogopa hadi meno yakagongana. Nilimwambia nina baridi. Akanivalisha sweta lake.

Jumapili, 22 Machi

Mvua juu ya theluji chafu. Kofia. Alinisalimu kwa jina na sikuitika. Mama amenisema njia nzima, kwamba Kanada imenifundisha dharau.

Jambo la kunishangaza ni kwamba leo nilimwonea huruma, kidogo. Alikuwa anavunja barafu kwenye ngazi za kanisa kabla watu hawajatoka. Mzee mmoja aliteleza, akamdaka, akambeba kama mtoto. Nikajikasirikia. Nikakumbuka gauni la njano na huruma ikaisha.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Mama amemwalika Papa Télesphore kuja kula kwetu Jumapili ijayo.

Nilisema, "Mama, asije."

"Juu ya nini?"

"Asije tu."

Akaniangalia kwa upole uliozidi hasira. "Amandine, baba yako hatarudi. Mimi niko mutu."

Nikaenda kuosha vyombo. Jioni Kimya akaandika kwenye ukurasa wetu, chini ya maoni mia ya watoto wanaomwombea Soda msamaha: "Usimumalize kabla sijaongea na mama yako." Minaz amepiga simu, amesema twende polisi. Nikamwuliza tutawaambia nini, kwamba mhusika wetu anakuja kula Jumapili?

Jumatano, 8 Aprili

Siwezi kula. Mama ananunua samaki.

Jumapili, 12 Aprili

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Ameondoka.

Siku iliamka na jua. Digrii kumi na nane juu ya sifuri, watu wa Thorncliffe, mtaa wetu, wote wako nje, mikono wazi. Garini alikuwa na kofia, yeye peke yake mtaa mzima. Jasho lilimtiririka shingoni. Mama akamtania, "Papa Télesphore, ungali Ottawa?" Hakucheka.

Alipanda nasi mpaka juu. Akavua viatu mlangoni, akavipanga. Mama alikuwa anatoka jikoni na sahani ya samaki. Papa Télesphore akasema, "Mama Dative, mbele nikale chakula yako, uniangalie." Akavua kofia.

Sikio la kushoto lilikuwa nusu.

Sahani haikuanguka. Mama aliiweka mezani taratibu, akaisogeza isiwe ukingoni. Mimi, mwoga wa lifti na mbwa, nilijikuta nimesimama kati yao. Sikumbuki kuinuka. Nilikuwa nimeshika uma.

Mama akanivuta sweta kwa nyuma. "Amandine. Ikala."

"Mama, ndiye."

"Naona. Ikala chini."

Nikaketi. Mama akabaki amesimama, na yeye amesimama, na samaki anatoa mvuke katikati.

Alizungumza akitazama viatu vyake. Januari aliikuta manga yetu kwenye simu, akajiona, akaandika kwa sababu sikio lilikuwa upande usio wake na hakuweza kulivumilia kosa lile. Hakujua ni sisi mpaka aliposikia lile neno garini na kijana akanionyesha mimi. Alitaka kuhama tena. Badala yake akaendelea kuandika.

Mama akauliza swali lake. Aliliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya mchele.

"Ulitukosa, ao ulituacha?"

"Niliambiwa nimalize wote. Wenzangu walikuwa inje, wanasikiliza. Nilisema mulale juu risasi zipite juu yenu. Nililenga ukuta, Mama. Juu."

"Moïse alisimama."

"Alisimama. Nilimuambia tena, mulale. Hakulala."

"Alizani unatuambia tukufe," Mama akasema. "Neno ile. Alizani unatuaga. Akasimama mbele yetu."

Papa Télesphore alifunika uso kwa kofia. Ndani ya sufu ile akasema, "Nililenga juu. Yeye alikuwa mutu murefu."

Samaki alikuwa anapoa. Watoto walikuwa wanapigiana kelele chini kwenye maegesho, majira yote ya baridi sijawasikia. Mama aliegemea kiti. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Njo vile," akasema mwishowe. "Alikuwa murefu. Milango yote ya kwetu ilikuwa inamugonga."

Akamwendea. Nikafikiri atampiga, na nilitaka ampige. Alimwondolea kofia usoni, akaikung'uta, akamvalisha mwenyewe, akaivuta chini mpaka ikafunika masikio yote mawili.

"Vala. Nisikuone tena bila hii. Na Jumapili nitaenda kanisani na basi ya leta, ile ya watu wote. Enda sasa."

Alivaa viatu vyake bila kufunga kamba. Lifti ilichelewa, kwa hiyo alisimama kwenye korido akiwa amegeukia ukuta. Mama hakumuaga. Alifunga mlango, akaweka mnyororo, akaketi, akala samaki wote peke yake, mpaka mifupa. Aliponitazama, machozi yalikuwa yanashuka lakini taya zinaendelea kutafuna.

Jumatano, 15 Aprili

Mama amekwenda kazini kama kawaida. Kitenge cha bluu kimerudi sandukuni. Nimemwambia Minaz sitamchora Soda akifa, wala akisamehewa. Atapanda kwenye lifti, milango itafungwa. Minaz amesema wasomaji watatukana. Nimesema watukane. Nimehamisha sikio kurasa zote, kutoka kulia kwenda kushoto.

Alhamisi, 16 Aprili

Naandika haya asubuhi. Jana jioni nilikuwa kitandani, taa bado inawaka, naogopa kama kawaida yangu ila bila kujua naogopa nini sasa. Mama akasimama kwenye mlango wa chumba changu na kanga yake ya kulalia. Nilingoja "bonne nuit."

Alifungua mdomo, akaufunga. Akashika fremu ya mlango.

"Amandine," akasema. "Ulale."

Sauti ilikwama katikati, lakini neno lilitoka lote. Nikalala chini, shavu kwenye mto, kama nilivyoambiwa. Akazima taa.